Maharagwe marefu au maharagwe ya kutambaa: upande yapi bustanini kwako?

Maganda ya maharagwe marefu yakianza kuning'inia kwenye uzio wangu hapa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, wapita njia husimama. Wengine hulipima ganda kwa mkono, kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko, na likipita kiwiko huita wenzao waje waone. Halafu linakuja swali: "Na mimi nipande haya, au nipande yale ya kutambaa ya kule milimani?"

Ameniuliza hivyo mama mmoja wa Bwera, ameniuliza jirani aliyehamia kutoka Kabale, na ameniuliza kaka yangu anayelima nyuma ya nyumba yake Kampala. Kila mmoja nilimpa jibu lake. Jibu linategemea kiwanja kiko kwenye mwinuko gani, usiku wake una baridi kiasi gani, fito zinapatikana wapi, na kama mwenye bustani anataka mboga ya leo au akiba ya miezi ijayo.

Koo mbili tofauti

Maharagwe marefu, yale yenye maganda ya sentimita 35 hadi 75, ni kunde. Jina lake la kitaalamu ni Vigna unguiculata, lilelile la kunde tunazozijua, likiongezewa neno sesquipedalis, ambalo kwa Kilatini ni "futi moja na nusu". Litazame ua lake asubuhi: ni ua la kunde kabisa, la zambarau hafifu au jeupe, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga. Kunde zilianza kulimwa hapahapa Afrika. Zikasafiri hadi Asia, na kusini mashariki ya bara hilo wakulima wakawa wanachagua mbegu za yale maganda marefu na laini, kizazi baada ya kizazi, mpaka zikawa hivi. Mtu akiniambia kwamba nalima mboga ya kigeni, namwambia huyu ni mjukuu wetu aliyerudi nyumbani amerefuka.

Maharagwe ya kutambaa ni maharagwe ya kawaida, Phaseolus vulgaris, yale ya sufuria ya kila siku, isipokuwa shina lake halikomi kurefuka. Asili yake ni Amerika. Yalipofika nyanda zetu za juu yalikuta ubaridi unaofanana na wa milima ya kwao, yakatulia. Leo Kisoro na Kabale, pamoja na Rwanda ng'ambo ya mpaka, ndiko mashamba yake yanakosimama kama msitu wa fito. Kituo cha utafiti cha Namulonge kimetoa aina kadhaa, na utazitambua kwa herufi C mwishoni mwa jina: NABE 12C, NABE 26C, NAROBEAN 4C. Herufi hiyo inamaanisha kwamba mmea huo unapanda. Ukichukua mbegu ya NABE isiyo na C, huenda ukachomeka fito bure, mmea ukaishia magotini.

Joto na baridi

Wilaya ya Kasese inafundisha jambo hili vizuri. Mji uko karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari, kwenye bonde la joto linaloelekea ziwa George. Ukipanda miteremko ya Rwenzori hadi Kyondo, kwa shangazi yangu, jioni huwezi kukaa nje bila sweta. Ni wilaya moja, na njiani unapita hali ya hewa mbili.

Mwaka mmoja tulibadilishana mbegu. Mimi nilimpelekea maharagwe marefu, yeye akanipa ya kutambaa, yale madoadoa anayoyategemea. Tulipanda sote mwezi wa tatu, mvua zilipoanza.

Zangu kule juu zilichelewa kuota. Majani yakatoka ya manjano, na miezi miwili baadaye mimea ilikuwa imefika kiunoni, imeduwaa. Maganda yalitoka machache, membamba, yamepinda kama kulabu. Shangazi aliniambia, bila kunikaripia, "Mwanangu, hii mboga yako inaona baridi."

Zake huku chini zilinidanganya vibaya zaidi, maana zilianza kwa kunifurahisha. Ziliota upesi, zikapanda fito, zikavuka fito, zikashika paa la jiko. Maua yakajaa. Kisha kila asubuhi nikawa nakuta maua yametandazwa chini ya kila ufito, mazima, hayajashika. Kutoka mstari mzima nilivuna sufuria moja.

Sababu yake inajulikana. Maharagwe ya kawaida, mchana ukizidi nyuzi joto 30 na usiku ukabaki wa joto zaidi ya nyuzi 20 hivi, chavua yake inaharibika na ua linaanguka. Wala huwezi kulitibu hilo kwa samadi au kwa maji. Kunde ni kinyume chake: joto hilohilo ndilo linaloziamsha, na usiku wa baridi ndio unaozidumaza.

Kwa hiyo mwinuko ndio kitu cha kwanza kuangalia. Mabonde ya joto kama hili letu, na sehemu za kaskazini kama Gulu, Adjumani na Arua ambako kunde zimelimwa tangu zamani, ni nchi ya maharagwe marefu. Kuanzia mita 1,600 kwenda juu, yaani Kisoro, Kabale, na vijiji vya juu vya Rwenzori na Elgon, panda ya kutambaa. Katikati, kama Kampala, Jinja na Fort Portal, yote mawili yanaweza kukubali, ila kwa ya kutambaa tafuta aina iliyokusudiwa mwinuko wa kati, usichukue tu mbegu iliyoshuka na lori kutoka Kisoro. Wa katikati ndio hasa wanaohitaji kusoma sehemu zinazofuata, maana hali ya hewa haijawachagulia.

Fito, ambazo watu huzisahau

Watu huhesabu mbegu na samadi, halafu mmea unafika goti ndipo wanakumbuka fito. Tuchukue kitalu kidogo cha mita 3 kwa mita 4 tufanye hesabu.

Maharagwe ya kutambaa huwekwa mistari ya sentimita 50, na sentimita 25 kutoka shimo hadi shimo. Hapo unapata mistari sita ya mashimo kumi na sita, jumla mashimo 96. Ukitumia ufito mmoja kwa mashimo mawili, unahitaji fito 48, kila mmoja wa mita 2 na zaidi, kwa kiwanja ambacho gari moja lingekijaza. Sasa mfikirie mwenye ekari. Ndiyo maana kule Kisoro na Kabale watu hupanda mikaratusi, kaliandra na sesbania kingoni mwa shamba kwa ajili ya fito tu, na ndiyo maana asiye na miti huishia kununua au kukata mahali pasipostahili.

Maharagwe marefu hayataki msongamano huo. Mstari hadi mstari acha mita moja, mmea hadi mmea sentimita 30. Kwenye kitalu kilekile unapata mistari mitatu na mimea kama 40. Na kwa kuwa uko bustanini, huna haja ya ufito kwa kila mmea: simika nguzo tatu imara kwa kila mstari, vuta waya juu kwenye mita 2, kisha teremsha kamba kutoka kwenye waya hadi chini ya kila mmea. Nguzo tisa zinatosha. Kamba ya katani ni nzuri. Kamba ya mgomba inafaa pia, ila huoza kabla ya mavuno kuisha ikinyeshewa sana, na nimewahi kuamka nikakuta mstari mzima umelala chini. Uzio wa seng'enge ulio tayari ni bora kuliko vyote, mradi unapata jua la kutosha.

Mbinu hiyo ya waya na kamba inafaa hata kwa ya kutambaa, na mwenye bustani ndogo Kabale angeokoa miti mingi kwa kuitumia. Ila kwenye mteremko wenye upepo, funga nguzo za mwisho kwa kamba iliyoshikizwa ardhini, maana mimea ikishajaa majani inavuta kama tanga.

Onyo kuhusu matete. Ni rahisi kupata, yamenyooka, na wengi wetu huyakimbilia. Tete bichi likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huchipua. Msimu ukiisha utakuta umepanda matete katikati ya bustani, na kuyang'oa ni kazi ya jembe na jasho. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndipo uyachomeke.

Kwa mimea yote miwili, weka fito mapema, wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, kabla ncha ya shina haijaanza kutafuta pa kushika. Ukichelewa, mimea inashikana yenyewe kwa yenyewe, na kuitenganisha ni kuivunja. Ukiusaidia mmea kuanza kupanda, uzungushe upande uleule ambao ncha yake inajipinda. Ukiuzungusha kinyume, utaukuta kesho umefunguka.

Na kama fito huna, waya huna, wala pesa ya kununua huna? Panda maharagwe mafupi ya kichaka. Yanakomaa kwa miezi miwili na nusu hivi na hayadai chochote, ingawa kiwanja hichohicho kitakupa kidogo kuliko ya kutambaa.

Muda wako una kiasi gani?

Hapa ndipo kaka yangu wa Kampala alipokwama. Udongo wake mzuri, mwinuko wa katikati, fito anazo. Lakini anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi usiku, na Jumapili yuko kanisani na kwenye mikutano ya ukoo.

Maharagwe marefu yanaanza kuvunwa siku kama 60 baada ya kupanda, na yakianza hayasubiri. Kuanzia ua kufunguka hadi ganda kufaa kuliwa ni siku kumi hivi. Unalitaka likiwa nene kama kalamu ya risasi, kabla mbegu hazijaanza kuonekana kama shanga chini ya ngozi. Likipita siku tatu linakuwa la sponji, lenye nyuzi. Na ukiyaacha yazeeke juu ya mmea, mmea unaona kazi yake ya kuzaa imekwisha na unapunguza maua. Kwa hiyo unavuna kila baada ya siku moja au mbili, mwezi mzima na zaidi. Unapovuna, shika ganda pale linapoungana na kikonyo, ulikate kwa kucha au mkasi. Usivute kikonyo kizima, kwa sababu pale kwenye ncha yake kuna vitumba vingine vinavyosubiri zamu, na kikonyo kimoja huzaa tena.

Ya kutambaa ni ya mtu mwenye subira. Milimani hukaa shambani miezi mitatu hadi minne. Ukitaka, unachuma maganda mabichi ya kumenya kidogo kidogo, kisha yaliyobaki unayaacha yakauke palepale na kuyavuna siku mbili tatu tu. Hatari yake iko mwishoni: mvua ikiendelea maganda yakiwa yamekauka, mbegu huchipua ndani au kuota ukungu. Mwenye kupanda mwezi wa tisa ahesabu miezi mbele aone kama mavuno yake yataangukia kwenye jua.

Nilimwambia kaka apande ya kutambaa ya mwinuko wa kati, na pembeni ya tangi la maji apande mashina sita ya marefu kwa ajili ya shemeji, ambaye yuko nyumbani mchana. Kwa familia ya watu watano ambayo kuna mtu wa kuvuna, mashina kumi na mawili hadi kumi na matano ya marefu yanatosha kabisa. Zaidi ya hapo unaanza kugawa kwa majirani, jambo ambalo mimi nalipenda.

Kuna faida moja ya marefu katika ukame. Mashina hayo machache unaweza kuyamwagilia kwa jerikeni mwezi wa kwanza na wa pili na ukala mboga wakati soko halina kitu. Weka matandazo ya majani makavu, mwagilia shinani asubuhi, basi.

Kwenye udongo, yote mawili yana vinundu kwenye mizizi vinavyonasa nitrojeni ya hewani. Kunde hupata vijidudu vyake kwa urahisi katika udongo wetu, kwa hiyo hata kwenye udongo uliochoka zinajitahidi. Maharagwe ya kawaida ni mvivu zaidi katika kazi hiyo na hushukuru sana mboji. Ila usimwage samadi mbichi nyingi kwenye marefu. Utapata majani ya kujifichia na maganda ya kuhesabu kwa vidole.

Wadudu na magonjwa

Adui wa marefu ni vidukari weusi. Hujaa kwenye ncha changa na kwenye vikonyo, na sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, geuza jani uangalie. Mimi huwafuta kwa vidole vyenye maji ya sabuni, kila asubuhi kwa wiki moja, na mara nyingi hiyo inatosha. Wanaofuata ni viwavi wanaounganisha maua na maganda kwa utando na kula ndani. Chuma sehemu hiyo yote, uichome. Na usipande marefu mahali palipotoka nyanya, maana minyoo midogo ya mizizi inayovimbisha mizizi ya nyanya inayapenda haya pia.

Ya kutambaa yanasumbuliwa na magonjwa ya baridi na unyevu: chule, kutu, madoa ya majani, na juu ya yote kuoza kwa mizizi kwenye mashamba yasiyopumzika. Fito husaidia kwa sababu majani yanapata hewa na maganda hayagusi udongo. Zungusha na mahindi, mtama au viazi mviringo, na usirudie pale pale msimu kwa msimu.

Jikoni

Watu wanaolinganisha mimea hii husahau kwamba haiendi kwenye sufuria moja. Maharagwe marefu ni mboga. Unayakata urefu wa kidole, kitunguu kikishalainika unayatia, dakika chache tu, yabaki na mlio chini ya jino. Ukiyachemsha kama maharagwe makavu yanalegea na kunyonya maji, na mtu aliyeyala hivyo mara moja hatataka kuyapanda. Kwetu tunayapika na karanga zilizosagwa, pembeni ya bundu, yaani ugali wa muhogo, na siku hiyo hakuna anayeuliza nyama. Majani machanga nayo yanaliwa kama ya kunde, yale ambayo Waganda huyaita eggobe na Waacholi boo. Kwa hiyo unaanza kula kutoka kwenye mmea huu kabla haujatoa ua.

Ya kutambaa ni chakula kamili cha kushibisha. Mabichi ya kumenya, yaliyopikwa na viazi au ndizi kwenye katogo, chakula cha sufuria moja, nayaweka juu ya karibu kila kitu kinachotoka bustanini. Makavu ni akiba ya ada ya shule na ya miezi ya njaa. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha yachemke kwelikweli tangu mwanzo. Maharagwe ya kawaida yakiwa hayajapikwa au yamepikwa nusu yana sumu ya asili inayosokota tumbo, na joto la kuchemka ndilo linaloiua. Usiyaache usiku kucha kwenye moto hafifu usiofika kuchemka.

Mwenye watoto wengi na kiwanja kimoja kilicho juu milimani hana sababu ya kuhangaika na marefu. Mwenye uzio mtupu Kasese, Gulu au Arua, na ambaye hununua mboga kila siku sokoni, anapoteza pesa kila siku anayochelewa kuyapanda.

Mbegu ya msimu ujao

Yote mawili hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu unayotunza itakupa karibu kile kile ulichonacho. Kwa marefu, chagua shina moja au mawili yenye afya, yafunge utepe ili mtu wa nyumbani asiyavune, na uyaache maganda yanyauke na kuwa ya rangi ya majani makavu. Kumbuka kwamba shina hilo litapunguza kuzaa, ndiyo maana huchagui mashina yote. Kwa ya kutambaa, toa mbegu kwenye maganda ya katikati ya shina, kutoka kwenye mimea isiyo na madoa.

Fukusi huzipata zote, na kunde huzipata upesi zaidi. Mara nyingi mayai yameshatagwa zikiwa bado shambani. Zianike mpaka ukiuma mbegu inapasuka badala ya kubonyea. Zijaze kwenye chupa au jerikeni dogo lililokauka kabisa, mpaka mdomoni pasibaki hewa, na ufunge kizibo kwa nguvu. Shangazi huchanganya na majivu yaliyochekechwa, na mbegu zake huota. Andika juu ya chupa ni mbegu gani na mwezi uliozivuna, maana ikifika Machi ukiwa na haraka ya mvua, mbegu nyekundu ya maharagwe marefu na mbegu nyekundu ya kunde za kawaida ni rahisi kuzichanganya.